Mafuta ni ya Mhubiri, Lango ni la Serikali

Jioni ya Jumamosi tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipoteza maisha katika uwanja wa Majengo, hapa Moshi. Walikuwa wamekwenda kusali. Katika mkutano wa injili ulioongozwa na Mtume Boniface Mwamposa, umati ulikimbilia kukanyaga mafuta ya upako ili kila mmoja aondoke na baraka yake. Watu wakasukumana, waliotangulia wakaanguka, waliofuata wakawapita juu. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Mhubiri alishikiliwa na polisi kwa mahojiano, salamu za rambirambi zikatolewa, wafu wakazikwa, na mji ukarudi kwenye shughuli zake.

Nimeifanya Majengo kuwa mfano wangu wa kwanza kila ninapofundisha mada ya dini na dola, na kila mara darasa hugawanyika pande mbili. Upande wa kwanza husema kwamba imani ni jambo la mtu na Mungu wake. Aliyekwenda Majengo alikwenda kwa hiari. Serikali isiyo na dini haina la kusema juu ya mafuta, maji au kitambaa cha mhubiri yeyote. Upande wa pili husema kwamba tumechoka na manabii wa miujiza. Serikali iwachuje, iwapime elimu, iwafungie wasio na shahada, na hayo mafuta yapigwe marufuku.

Pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zote zinayatazama mafuta. Mafuta hayakuua mtu. Watu walikufa kwa sababu wengi mno walitaka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja, na utaratibu wa kuwapitisha salama haukutosha. Umati ule ule ungeweza kukanyagana vile vile katika fainali ya mpira, tamasha la muziki au mkutano wa kampeni. Hoja yangu ni nyepesi kuieleza, ingawa utawala wetu umeiona nzito kuitekeleza: mafuta ni ya mhubiri na waumini wake, na serikali isiyaguse, lango ni la serikali, na serikali isiliachie mtu mwingine. Nchini mwetu mambo yamepinduliwa. Dola imezoea kuingiza mkono katika mafuta, na lango imeliacha mikononi mwa Mungu.

Tuanze na Katiba, kwa kuwa wengi huitaja bila kuisoma. Ibara ya 3 inaitambulisha Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inamhakikishia kila mtu uhuru wa imani na kuiweka shughuli ya kuendesha jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hiyo ndiyo ibara ya mafuta. Lakini kabla yake ipo Ibara ya 14, inayompa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Hiyo ndiyo ibara ya lango. Ibara hizi mbili hazigombani. Mtu akiingia uwanjani kuomba, anabaki raia mwenye mbavu na mapafu, na dola inadaiwa mapafu yake kama inavyodaiwa ya shabiki wa mpira.

Wazee wa mlima huu waliuelewa mgawanyo huo kabla hapajakuwa na katiba iliyoandikwa. Mtazameni mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni hadi migombani. Maji yalikotoka, kila mtu alikuwa na jibu lake: mwingine alimshukuru Ruwa, mwingine mizimu ya ukoo, na baadaye Mlutheri na Mkatoliki wakaleta sala zao. Lakini siku ya kusafisha mfongo, wasimamizi hawakumuuliza mtu anamwomba nani. Waliuliza kama amekuja na jembe. Zamu ya maji ilihesabiwa, ukingo uliobomoka ulizibwa, na mvivu alitozwa faini. Aliyedai kwamba maji ni ya Mungu na kwa hiyo ukingo hauna haja ya kuzibwa, angechekwa.

Mlima huu unajua pia uchungu wa kutokuwa na mgawanyo huo. Wamisionari walipogawana nchi yetu, Wakatoliki wakashika Kilema na Kibosho, Walutheri wakashika Machame, na kwa miongo mingi dhehebu la mahali ulipozaliwa liliamua shule utakayosoma. Mtoto wa Kiislamu wa mjini mara nyingi hakuwa na mlango wa kubisha. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilipozitwaa shule za misheni kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, Umbwe ikiwa miongoni mwake, ilikuwa ikifanya kazi ya lango: mtoto aingie darasani kwa kufaulu, asiulizwe alibatizwa wapi au kama alibatizwa. Hiyo ni kazi halali ya dola isiyo na dini, na mimi mwenyewe ni muumini ninayeishukuru.

Lakini serikali hiyo hiyo ilikuwa na mkono mwingine. Mwaka 1968 ilipiga marufuku jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, na mwaka huo huo BAKWATA ikaanzishwa. Hapo dola haikuwa ikilinda maisha ya mtu. Ilikuwa ikiamua Waislamu wasemewe na nani. Zaidi ya nusu karne imepita, na wako Waislamu ambao bado wanaliona hilo kuwa jeraha. Hapo ndipo tulipojifunza tabia mbaya, na hatujaiacha.

Tabia hiyo ina chombo chake, nacho ni Sheria ya Jumuiya. Iliwekwa na Mwingereza mwaka 1954, mwaka ule ule TANU ilipoanzishwa, ili mtawala ajue nani anakutana na nani, na awe na kalamu ya kumfuta asiyempendeza. Mkoloni aliondoka, kalamu ikabaki. Angalieni inavyotumika.

Wakati wa Pasaka ya mwaka 2018, maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania walitoa waraka ulioitwa "Taifa Letu, Amani Yetu". Mkuu wa kanisa wakati huo alikuwa Askofu Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini, yenye makao yake makuu hapa hapa Moshi. Waraka ulizungumzia hali ya uhuru na amani nchini na ukaikumbusha nchi haja ya katiba mpya. Haukupita muda mrefu, ikaenea barua ya Msajili wa Jumuiya ikilitaka kanisa liufute waraka huo ndani ya siku 10. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, aliikana barua hiyo na Msajili akasimamishwa kazi. Wengi wakasema mambo yamekwisha. Hayakwisha. Swali lililobaki ni hili: ni sheria gani inayomfanya mtumishi wa umma awaze tu kwamba anaweza kuwaagiza maaskofu wafute mahubiri yao ya Pasaka?

Miaka 7 baadaye jibu likaja bila kificho. Juni 2025, Msajili alilifutia usajili kanisa la Askofu Josephat Gwajima, siku chache baada ya askofu huyo kukemea hadharani vitendo vya utekaji. Sina haja ya kuyatetea mafundisho ya Gwajima, mengi siyakubali. Lakini mtu huyo huyo alikuwa mbunge wa Kawe kwa tiketi ya chama tawala tangu mwaka 2020. Alipoteuliwa kugombea akiwa askofu, hakuna msajili aliyegundua kwamba dini na siasa zimechanganywa. Mchanganyiko ulionekana siku alipouliza watu wanapelekwa wapi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unaposikia kiongozi akisema "msichanganye dini na siasa", tazama wakati anaposema. Hasemi siku anapokaribishwa mbele ya madhabahu akiwa mgeni rasmi wa harambee. Hasemi shehe anapoombea serikali dua au mchungaji anapomtabiria mgombea ushindi. Husema siku mimbari inapohoji. Utenganisho wa dini na dola ulibuniwa uwe hatamu ya kuizuia dola isiwe na dini ya kuwalazimisha watu. Sisi tumeugeuza kuwa kizibo cha mdomo wa muumini.

Sasa rudini Majengo. Februari 2020 nchi hii haikuwa na uhaba wa macho ya kutazama mikusanyiko. Sheria ya Jeshi la Polisi inamtaka mwenye kuitisha mkutano mahali pa wazi atoe taarifa saa 48 kabla. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilikuwa imezuiwa tangu mwaka 2016, isipokuwa ya wabunge majimboni mwao, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Sababu iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa usalama. Dola iliyoweza kuiona hatari katika mkutano wa chama kabla jukwaa halijajengwa, ilishindwaje kuiona katika uwanja uliofurika watu wenye shauku ya kukanyaga mahali pamoja? Jibu langu ni chungu: macho yale yalizoea kutazama maneno ya msemaji. Hayakuwa yamezoezwa kutazama upana wa lango.

Na haikuishia hapo. Haikutimia miezi miwili, ugonjwa wa korona ukaingia nchini. Machi 2020, Rais John Magufuli alisimama kanisani Dodoma akasema kwamba kirusi hicho ni shetani na hakiwezi kukaa katika mwili wa Yesu. Aprili akatangaza siku 3 za maombi ya taifa. Mtu binafsi ana haki ya kuamini hivyo, na wengi walifarijika. Lakini mkuu wa dola alipogeuka kuwa mwalimu wa theolojia, nani alibaki kuhesabu wagonjwa na kupanga nafasi za watu wakaapo? Takwimu za ugonjwa ziliacha kutolewa ilipofika mwisho wa Aprili. Huo ndio ubaya wa dola inayoshika mafuta: mikono yake haibaki na nafasi ya kushika lango.

Wenye kumbukumbu watakumbuka pia Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikawa ndefu kiasi kwamba wapo wagonjwa waliofia njiani kabla ya kukifikia. Mawaziri nao walikwenda kunywa. Waziri akinywa kikombe kwa imani yake, simhukumu. Ninachouliza ni kama waziri aliyesimama katika foleni ile aliiona kama foleni, yaani kama tatizo la maji, vyoo, gari la wagonjwa na barabara, au aliona kikombe tu.

Najua pingamizi litakalokuja. Nitaambiwa: na Shakahola je? Nchini Kenya, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu wanaodaiwa kufundishwa na mhubiri Paul Mackenzie wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Je, pale mafuta yenyewe hayakuwa sumu? Je, serikali haikupaswa kuchuja mafundisho?

Pingamizi hili ni zito na silipuuzi. Lakini litazameni kwa makini. Mackenzie hakuwa mtu asiyejulikana. Alikwisha kukamatwa miaka ya nyuma kwa kuwazuia watoto wasiende shule, na Machi 2023 alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto walioshindishwa njaa, kisha akaachiwa kwa dhamana. Dola haikukosa sheria ya kupima theolojia. Ilikuwa nayo sheria ya mauaji na sheria ya kumlinda mtoto, na haikuzitumia kwa ukali uliostahili. Hakimu hahitaji kujua kama kufunga ni wokovu ili ajue kwamba mtoto wa miaka mitatu hanyimwi chakula. Huko Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililojinasibu na Amri Kumi waliteketea kanisani Machi 2000, na kundi lile lilikuwa limesajiliwa. Hati ya usajili haikuzima moto.

Wengine watanionesha Rwanda. Mwaka 2018 serikali ya huko ilifunga maelfu ya nyumba za ibada na kutunga sheria inayomtaka mhubiri awe na shahada. Mimi naikubali nusu ya Rwanda. Nyumba isiyo na mlango wa dharura, yenye paa linalotishia kuanguka, ifungwe, iwe kanisa, msikiti au ukumbi wa harusi. Hilo ni lango. Lakini serikali kuamua nani amesoma vya kutosha kumhubiri Mungu, hayo ni mafuta. Wavuvi wa Galilaya wasingefaulu mtihani huo, wala Bilali aliyeadhini Madina.

Dunia imetupa mifano ya wenye kushika lango. Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, na waliokufa kutokana na janga lile wakafikia 97. Uingereza ina kanisa rasmi, na mtawala wake ndiye mkuu wa kanisa hilo. Lakini uchunguzi wa Jaji Taylor ulihusu milango, uzio na wingi wa watu, na viwanja vikabadilishwa. Makka, baada ya mahujaji zaidi ya 340 kufa Jamarat Januari 2006, daraja la zamani lilibomolewa na jipya likajengwa kwa ghorofa kadhaa, njia za kuingia zikitengwa na za kutoka. Mwaka 2015 maafa yalipotokea tena kwenye njia za Mina, na takwimu rasmi zikataja waliokufa 769, ilidhihirika kwamba kazi ya lango haimaliziki kwa ujenzi wa siku moja. Ikiwa dola iliyosimama juu ya dini imetambua kwamba umati wa wacha Mungu unahitaji wahandisi, sisi tusio na dini rasmi tunasubiri nini?

Sitawaacha viongozi wa dini waondoke wakidhani nimekuja kuwatetea. Wako miongoni mwao wanaoishika Ibara ya 19 kama ngao pale tu wanapoulizwa uwanja una milango mingapi, na wanaiweka chini mgeni rasmi anapofika na bahasha. Mwenye kuwaita watu maelfu kwa jina la Mungu amechukua dhamana ya miili yao pamoja na roho zao. Akiulizwa juu ya taa, walinzi na njia ya kutokea, hajaingiliwa imani. Ameulizwa swali ambalo hata mwenye kuandaa muziki wa dansi huulizwa. Na kanisa au msikiti unaozoea kupokea fadhila za wakubwa hujikuta hauna sauti siku ya kukemea.

Kuna msemo tunaoutumia misibani: kazi ya Mungu haina makosa. Mfiwa akiusema, nanyamaza na kuinamisha kichwa, kwa maana ni faraja yake. Lakini mwenye madaraka akiusema mbele ya majeneza ya watu waliokanyagwa, amefanya kile kile anachowakataza maaskofu: amechanganya dini na siasa. Amemsingizia Mungu hesabu ambayo yeye ndiye aliyelipwa mshahara kuipiga. Vivyo hivyo na "ajali haina kinga". Ajali ya mkanyagano ina kinga, nayo ni upana wa njia, idadi ya milango na ukomo wa watu.

Ninachodai si kikubwa. Kila uwanja wa umma katika Manispaa ya Moshi, ukianzia na Majengo, uandikwe langoni unaweza kubeba watu wangapi, na idadi hiyo iheshimiwe. Anayeomba kuutumia aoneshe mpango wa kuingia, kutoka, mwanga na huduma ya kwanza, kwa fomu ile ile moja, awe mhubiri, shehe wa maulidi, msanii au mwanasiasa wa chama chochote. Fomu hiyo isiwe na nafasi ya kuuliza atasema nini. Kisha mamlaka ya Msajili kufuta jumuiya ya dini kwa barua yaondolewe, na anayetuhumiwa kwa kosa la jinai apelekwe mahakamani kama raia mwingine yeyote.

Majina ya wale 20 yangestahili pia kuwekwa pale pale uwanjani, mahali ambapo anayekuja kuomba kibali atalazimika kuyapita. Walikuwa raia wa nchi isiyo na dini, walikwenda kumwomba Mungu wao kama Katiba ilivyowaruhusu, na walikuwa na haki ya kurudi nyumbani.